Kifuniko cha Sufuria na Mbwa Aliyeogopa Bunduki

Vijana wangu, kila mnapoingia sebuleni kwangu hapa Pongwe mnatazama ukuta ule mmoja. Kwanza mnaisoma diploma yangu ya afya ya mifugo, na mnafanya vizuri kuisoma, maana niliisomea kwa viatu vya kuazima na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Halafu macho yenu yanateremka hadi kwenye kifuniko cha sufuria kilichobondeka, kilichotundikwa kwa msumari chini ya fremu, na mnaanza kutazamana. Juzi mmoja wenu alithubutu kuniuliza, "Mzee Salim, na hicho nacho ni cheti?" Nilimtuma akafunge geti. Leo namjibu.

Nimefundisha mbwa wa ndege, wale wa kuwindia, kwa miaka kumi na saba mjini Sydney, Australia. Nilikwenda kusoma, nikabeba maboksi kwenye maghala ya Port Botany hadi mgongo ukaanza kulalamika, kisha nikaingia kwenye kazi hii ambayo sijamkuta Mtanga mwingine aliyeifanya kule. Kama yupo, ajitokeze tupimane. Nyumba hii mnayoiona niliijenga kwa mikono hii na kwa pua za mbwa wa Wazungu. Sasa mnakuja getini mkitaka niwafundishe mbwa wa kulinda na wa kuwinda kware. Nitawafundisha. Lakini mjue mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni hofu. Mbwa mchanga anaogopa, mwenye mbwa anaogopa kuaibika mbele ya wenzake, na mwalimu, akiwa na akili timamu, anaogopa kuliko wote.

Mimi nilianza na hofu ya meno. Nyie nyote mnajua tunavyofanya mbwa mkali anapotukimbilia njiani: unainama haraka kama unaokota jiwe. Hata kama jiwe hakuna, unainama, na mbwa wa kwetu anageuka na kutokomea, kwa sababu alishapigwa mawe tangu yuko mdogo. Siku yangu ya kwanza kwenye mabanda ya Bi Maureen, mwanamke wa makamo aliyenifundisha kazi, mbwa sita waliachiwa kwa pamoja wakaja mbio kunisalimia. Nikainama. Mbwa wa kule hawajui jiwe. Kwao mtu anayeinama anawaita kucheza. Walinirukia wote sita, nikalala chali kwenye nyasi, mmoja kanikanyaga kifuani, mwingine kakimbia na kofia yangu, na mimi napiga shahada kwa sauti.

Bi Maureen alikuja taratibu akasimama juu yangu. "Ulikuwa unawainamia ili iweje?"

"Nachukua jiwe."

Alitazama nyasi zake zilizokatwa vizuri. "Jiwe gani?"

Nilikaa naye miaka mitano. Alikuwa mkali, hasemi sana, na neno lake kubwa lilikuwa, "Mbwa ameshasikia. Sasa na wewe msikilize." Niliona ni maneno ya mtu asiye na diploma. Mtaona yalivyonirudi.

Nitawapa na ufundi kidogo, msije mkasema mzee kawapigia hadithi tu. Mbwa wa ndege ni yule ambaye akinusa kware majanini anaganda. Mguu mmoja wa mbele juu, mkia umenyooka, hapumui unaweza kusema. Hafukuzi, habweki. Anakuonyesha, nawe unasogea, ndege anaruka, bunduki inalia, ndipo unamtuma akalete. Ukimpata wa miezi minne, usimwonyeshe bunduki wala ndege. Mwonyeshe mlango. Akae mpaka umpe ruhusa ya kupita. Mwekee mkeka wake kwenye kona, na akiwa juu ya mkeka asiguswe na mtu, awe mtoto au mgeni. Asilishwe kutoka mezani hata mara moja. Mbwa asiyejua kutulia jikoni hatatulia porini. Kisha kamba ndefu, filimbi, bawa la njiwa kwenye fimbo. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, basi. Anayefundisha saa nzima anajifurahisha mwenyewe.

Mbwa wangu wote niliwafundisha kwa Kiswahili. Kaa, njoo, tulia, lete. Wenyewe walipokuja kuwachukua ilibidi wajifunze, na huko mashambani kaskazini-magharibi ya Sydney mngesikia wazee wa Kizungu wenye mandevu wakipaza sauti, "Tuliaaa!" Binti yangu wa kumzaa nikimwita kwa Kiswahili alinijibu kwa Kiingereza. Mbwa walikuja.

Na kwa sababu mtauliza: ndiyo, niliswali. Nguo za kazi ya mbwa zilikuwa na msumari wake nje, kanzu ilikuwa kwenye chumba ambacho mbwa hakukanyaga, na mikono niliosha hadi ngozi ikapauka. Mama yangu kwenye simu alikuwa ananiuliza kwanza, "Umeoga?" halafu ndiyo salamu.

Sasa kifuniko.

Mzee Keith alikuwa dereva mstaafu wa matrela ya makontena. Tulijuana Port Botany, yeye kwenye usukani na mimi kwenye maboksi. Mikono yake ilikuwa mipana kama sahani za pilau. Mke wake alikuwa amefariki, na aliniletea mbwa jike wa miezi minane, mweupe mwenye madoa ya kahawia, aliyempa jina la pilipili kwa Kiingereza. Mimi nikamwita Pilipili. Alitaka mbwa wa kuwinda naye msimu wa kware na wa kulala naye kando ya kitanda. Msimu ulikuwa miezi minne mbele.

"Nyumbani sina wasiwasi naye," aliniambia getini kwangu, mtaa wa Granville. "Ila mbwa anayeogopa bunduki sikai naye, Salim. Nimewahi kuwa na wawili wa namna hiyo. Niliwamaliza mwenyewe, nyuma ya banda, siku hiyohiyo. Sipendi kumsukumia mtu mwingine mbwa mbovu."

Alisema hivyo huku anamkuna Pilipili nyuma ya sikio, bila ukali, kama anavyosema mtu kwamba tairi lililochakaa halifai kuuzwa. Nilimwamini.

Mnajua kumzoesha mbwa mlio wa bunduki? Bi Maureen alikuwa na sheria yake. Mlio wa kwanza uwe mbali, hatua mia na zaidi, na mbwa awe anakimbiza njiwa, damu imechemka, asijali kitu. Usimtazame. Usiseme neno. Na pasiwe na mtu wa kutazama. Hilo la mwisho sikulielewa kwa miaka mingi; nilidhani hapendi watu.

Jumapili moja Watanzania wenzetu walifanya nyama choma kwenye kiwanja nilichokuwa nakodi kwa mafunzo, huko mashambani. Familia nane hivi, watoto, mabusati, muziki. Walikuwa wakinitania siku zote kwamba nimesafiri bahari zote hizo kuja kuwa mchunga mbwa. Nikataka waone. Pilipili alikuwa bora kuliko mbwa wote niliowahi kuwashika, na mimi nilitaka waone mkono uliomfundisha.

Nilimpeleka katikati ya uwanja, akanusa njiwa niliyemficha, akaganda vizuri ajabu. Kimya kikawashika wote. Nikatoa bastola ya kuanzishia mbio, ile inayotoa mlio bila risasi, na badala ya kumwacha msaidizi ailize mbali, nikailiza mimi mwenyewe, hatua kumi kutoka masikioni mwake.

Labda hata hapo angepona. Alishtuka, akanitazama, alikuwa anasubiri aone mlio ule maana yake ni nini. Lakini wenzetu, mnatujua, jambo likipendeza hatukai kimya. Bi Zuhura kutoka Chumbageni alipiga kigelegele cha harusi. Wanawake wakampokea. Wanaume makofi, watoto mayowe, mtu akagonga ngoma ya ndoo. Kwetu ile ni furaha. Kwa mbwa wa miezi minane, mlio ulipasua anga na viumbe hamsini wakaanza kupiga kelele za kufa. Akaondoka. Alipita chini ya waya wa uzio, akaacha manyoya kwenye miiba yake, akavuka barabara ambayo malori ya mchanga hayapungui, akapotea.

Tulimtafuta kwa muda wa saa mbili na nusu. Watu wakaanza kukunja mabusati bila kunitazama. Nilimkuta kwenye kalavati chini ya barabara, bomba jembamba la saruji, giza, na kwenye mdomo wa bomba gamba la nyoka lililovuliwa karibuni. Kule wana nyoka wa kahawia ambaye akikuuma huna muda wa kuaga. Niliwasha tochi ya simu. Kwa mbali niliona macho mawili. Nilimwita, akarudi nyuma zaidi. Ndipo nikaingia kwa tumbo, mtu mwenye diploma, naomba Mungu kila nilipoweka kiganja, na kila lori lililopita juu lilinitikisa meno. Nilipomfikia alikuwa amejikojolea. Hakuniuma. Alifunga macho tu, kama anayesubiri nimalize.

Toka siku hiyo kila kitu kilikuwa bunduki. Mlango wa gari, bunduki. Mlango wa friji, kijiko sakafuni, jirani akitupa chupa kwenye pipa. Hakula mbele yangu. Nikishika mfuko wa koti, yeye yuko chini ya kitanda. Na kila Ijumaa saa kumi simu ya Mzee Keith ililia.

"Hajambo binti yangu?"

"Hajambo, mzee. Anaendelea vizuri sana."

"Ameshasikia mlio?"

"Ameshausikia."

"Akafanyaje?"

"Ana mbio."

Alicheka akasema ni vizuri. Nilikata simu kabla hajauliza lingine. Ningeweza kumpigia Bi Maureen, alikuwa hai, amehamia pwani. Sikumpigia. Ningemwambia nini? Kwamba niliua pua bora niliyowahi kuishika kwa sababu nilitaka kupigiwa makofi? Nyakati zile mbwa wengi wa kufundishwa upande ule wa Sydney nilikuwa nao mimi, jina langu lilikuwa linatajwa kuanzia Seven Hills hadi mashambani, na niliogopa kulipoteza. Nawaambia ukweli: wiki ya kwanza niliogopea jina langu. Kumwogopea mbwa kulikuja baadaye, usiku nikiwaza nyuma ya banda la Mzee Keith.

Mke wangu wakati huo alikuwa Tanga anamuuguza mama yake, binti yetu yuko bweni la chuo, na chumba cha mbele nilikuwa nimempangisha Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, mfanyakazi wa nyumba ya wazee. Mama Furaha na mbwa walikuwa hawaivi. Alikuwa akilaza ufagio mlangoni pake kama mpaka wa nchi. "Papa Salimu," alikuwa akiniambia, "kwetu umbwa anakaa inje. Hapa umbwa anakaa mu nyumba, na bazee tunabaweka mu nyumba ya bazee. Hii inchi iligeuka kichwa chini."

Mchana mmoja nilikuwa natoka dukani mbingu ikabadilika, ikawa na rangi ya kijani kibichi ambayo wakazi wa magharibi ya Sydney wanaijua na hawaipendi. Radi ikapiga, mvua ya mawe ikafuata, mawe makubwa kama ndimu yakapiga mabati ya banda la gari. Nilikimbia. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi unapigapiga. Nikajua amekwenda. Nilitazama chini ya kitanda, chini ya meza, uani, nje ya geti hadi barabarani, nikiita huku mawe yananipiga kichwani, na moyoni nikawa tayari nasikia simu ya Ijumaa. Nikarudi ndani nimelowa. Sauti ikatoka kwenye chumba cha kufulia.

"Tuko huku. Funga ule mulango. Pole pole, usiupige."

Mama Furaha alikuwa ameketi sakafuni, kati ya mashine ya kufulia na ukuta, na sare yake ya kazi na beji ya jina. Amejifunika kitenge kichwani. Chini ya kitenge hichohicho, kati ya magoti yake, ilikuwa imetokeza pua ya Pilipili.

"Mama Furaha! Wewe si unaogopa mbwa?"

"Naogopa. Hata sasa niko naogopa. Mimi nilikuwa wa kwanza humu. Yeye ndiye alinifuata."

Radi ikapiga tena. Wote wawili walishtuka kwa pamoja, bega na sikio. Nikakaa chini mlangoni.

Mvua ilipopungua alisema, bila kunitazama, "Huyu umbwa alisikia bunduki."

"Ni radi tu, mama, mbwa wengi..."

"Unanidanganya mimi? Mutu wa radi anaogopa na masikio. Huyu anaogopa na mwili yote. Mimi ninaijua hiyo. Ulimufanya nini?"

Nikamwambia. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Bastola, hatua kumi, nyama choma.

"Na makofi mulipiga?"

"Na vigelegele."

"Vigelegele kabisa!" Akasonya, sonyo refu. Kisha nikamweleza habari ya Mzee Keith, na ile habari ya nyuma ya banda. Akaacha kusonya. Mkono wake, ambao haukuwahi kumgusa mbwa, ulishuka juu ya kitenge ukabaki pale.

"Sasa unafanyaga nini ili apone?"

"Namwambia asiogope. Namvuta kwa kamba nje, azoee."

"Apana. Hiyo nami baliniambia. Usiogope, usiogope. Mutu anaenda kuniambia usiogope, na yeye mwenyewe macho imetoka!" Alicheka kidogo. "Kwetu mama mukwe wangu alikuwa na akili. Bunduki ikilia kule mbali ya mulima, anakupatia kitu mu mukono. Ndagala, muhogo, kila mutu. Hasemi kitu. Inalia, anakupatia. Batoto bakafika wakati, bunduki ikilia, banatazama mukono ya nyanya yao. Mimi sikupona, nilikuwa mukubwa. Lakini bale batoto balilala usingizi."

Yeye ndiye aliyeleta sufuria. Sufuria yake mwenyewe ya ugali, ile nzito ya aluminiamu, na kifuniko chake. Tuliutumia ua wa nyuma. Siku ya kwanza kifuniko kilifungwa taulo, yeye kasimama mwisho wa ua karibu na pipa, mimi na Pilipili mlangoni. Aligonga mara moja kwa mwiko, mlio mdogo kama kikohozi. Nami hapohapo nikamwekea mbwa dagaa mbele ya pua. Mama Furaha alikuwa anawanunua duka la Waafrika pale Granville, na tulibishana kila siku: yeye anasema ndagala, mimi nasema ni dagaa. Pilipili alikula wa kila jina. Siku ya tatu akala bila kutetemeka. Tukasogea hatua moja. Akikataa kula, tunarudi nyuma hatua mbili na hatusemi neno. Taulo likatoka. Mwiko ukawa nyundo, na hapo ndipo kifuniko kilipobondeka. Kila mara kabla ya kugonga Mama Furaha alifumba macho, na kila mara baada ya kugonga aliyafumbua haraka na kuuliza, "Amekula?"

Andikeni hilo, vijana. Mlio kwanza, chakula baadaye, papo hapo. Ukitanguliza chakula mbwa ataanza kuogopa chakula.

Wiki ya tano nilimpeleka kiwanjani bila watazamaji, msaidizi wangu na bastola hatua mia mbili, kisha mia, kisha hamsini. Wiki ya saba ilikuwa hatua kumi. Mlio ulipasua anga. Alitetemeka mara moja, akanijia, akakaa, akafungua mdomo. Nililia, siwafichi. Na nikajisifu, maana ndivyo nilivyo. Sikuona kingine nilichokuwa nimemfundisha. Mbwa alikuwa ameshasikia, na mimi sikumsikiliza.

Asubuhi Mzee Keith alipokuja, Mama Furaha alinipa mfuko wa dagaa mlangoni. "Mimi sifiki kwenye kuko bunduki. Ukimaliza, unanipigia." Ufagio wake ulikuwa umesimama ukutani.

Kiwanjani ukungu ulikuwa haujaisha, na njiwa nilikuwa nimeshamficha majanini. Mzee alifungua buti la gari akatoa bunduki iliyofungwa blanketi la zamani. Nilijua ni ileile ya nyuma ya banda. Aliifungua, akaweka risasi mbili. Mbili. Nilijikuta nahesabu: moja ya njiwa.

"Mwachie," alisema.

Pilipili alikata upepo kushoto, kulia, pua juu, nami nikajua hata kama ni mara ya mwisho, hakuna aliyewahi kumwona mbwa akitembea hivyo. Akanusa. Akaganda. Mguu juu, mkia umenyooka, umande unang'aa mgongoni. Mzee Keith alisimama akamtazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Niliwaza kusema. Nilifungua mdomo. Akapiga hatua, njiwa akaruka, bunduki ikalia.

Ile haikuwa bastola wala kifuniko. Niliisikia kifuani. Njiwa akaanguka. Pilipili akalala chini kabisa, masikio yamegandamana na kichwa, anatetemeka kuanzia mkiani. Nikasema kimya, usikimbie, usikimbie, mama, usikimbie. Akainuka. Akakimbia. Aliacha njiwa, akampita mwenyewe mwenye bunduki, akaja moja kwa moja kwangu. Akakaa mbele ya miguu yangu, bado anatetemeka, akafungua mdomo.

"Anafanya nini?" aliuliza Mzee Keith.

Nilishika mfuko wa dagaa.

"Salim. Mbwa wangu anafanya nini?"

"Anataka samaki."

"Samaki gani?"

Nilimwambia yote, pale kwenye umande. Hatua kumi, nyama choma, kigelegele, kalavati, kila Ijumaa niliyomdanganya. Nikamwambia na habari ya kifuniko. Nilisema haraka nisije nikasimama, na wakati wote nilitazama mkono wake uliokuwa kwenye bunduki, kwa maana risasi moja ilikuwa imebaki. Nilikuwa nimemwekea Pilipili mguu wangu mbele, kama mguu wangu ungezuia kitu.

"Kwa hiyo ulimharibu wewe."

"Mimi."

"Ili upigiwe makofi."

"Ndiyo."

"Na kumrudisha hapa ilichukua muda gani?"

"Wiki saba."

Kule barabarani lori la mchanga lilipita. Mwishowe alisema, polepole, akimtazama mbwa, "Wale wawili sikuwapa hata asubuhi moja."

Halafu akanyoosha kile kiganja kipana. "Nipe hao samaki wako."

Nilimpa mfuko. Aliunusa, akakunja uso, akaumimina wote kwenye mfuko wa koti la kuwindia, kwenye risasi zake. Akaondoka, hatua ishirini, thelathini, akasimama. Mimi nilikunja mikono nyuma ya mgongo. Bunduki ilielekea juu, kwenye ukungu, ikalia.

Pilipili alilala chini akitetemeka. Aliinua kichwa akanitazama. Mikono yangu hakuiona. Aligeuka akamtazama mzee, aliyekuwa ameshapiga goti moja kwenye matope kwa magoti yale mabovu ya udereva, kiganja wazi. Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Nyie mtakaoifanya kazi hii mtafika siku moja kwenye sekunde hizo, na hapo diploma haisaidii.

Akaenda. Alikwenda kwa mzee tumbo likigusa nyasi, kisha mbio, akakaa, akafungua mdomo. Na alipokwisha kula, mzee akamwambia kwa Kiswahili chake kibovu, "Lete." Akaenda akamleta njiwa. Alinipita mara zote mbili kama hanijui.

Nilimpigia Mama Furaha nikiwa bado uwanjani. Alipokea simu kabla haijalia vizuri.

"Alikimbia?"

"Alikimbia."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Alikimbilia kwa nani?"

"Kwa mzee wake."

Nikasikia maji ya bomba yakifungwa. Kisha akasema, "Basi ni vizuri. Sufuria nimeosha. Ile kifuniko, ubaki nayo weye. Mimi siwezi kupikia tena na kitu yenye ilikuwa inalia vile."

Nimebaki nayo.